Siku Mama Mdogo Alipoikataa Treni

Hapa Morogoro siku hizi ukitaja treni, kila mtu anaelewa ya kwake. Vijana wanaelewa ile ya umeme, inayofika Dar hujamaliza karanga zako. Wazee wa mjini wanaelewa ya reli ya zamani, iliyokuwa ikipiga honi ukajua ni saa ya kuinjika chai. Mama yangu anaelewa moja tu: treni iliyokuwa ikiacha njia kuu, ikaingia kwenye tawi la mashamba ya mkonge, ikaenda mpaka kijijini kwa mdogo wake. Tawi hilo halijapitisha treni ya abiria kwa miaka mingi. Kwa hiyo asubuhi redio iliposema kwamba treni ya abiria itarudi, mama aliacha uji ukipoa akaniangalia.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mama. Lakini hawakusema reli ipi."

"Kwani ziko ngapi?"

Nilikuwa barazani nashona sare za shule, mdomoni nimebana pini, na habari yenyewe ilishapita, wameingia kwenye matangazo ya vifo. Nikamwambia tutauliza. Ningejua hilo neno "tutauliza" litanizungusha kiasi gani, ningemeza pini.

Mama anaishi na mimi tangu alipovunjika nyonga. Ilipona, lakini ilipona inavyotaka yenyewe. Anaweza kusimama, anaweza kutembea kidogo na mkongojo wake, anaweza kulala. Asichoweza ni kukaa amejikunja kwenye kiti cha gari, na hata angeweza, gari halimtaki. Likianza tu kuyumba, anatapika mpaka anaishiwa nguvu. Tulijaribu mara moja kumpeleka kwa mdogo wake. Tulifika Dumila, tukamshusha, tukamlaza kwenye benchi la mama mmoja muuza nyanya. Alikuwa amefumba macho, anatuomba tumrudishe. Na hapo safari ngumu ilikuwa haijaanza, maana baada ya lami kuna vumbi, na baada ya vumbi kuna bodaboda. Kwenye treni, anasema mama, mtu unajinyoosha, unasimama dirishani, unalala kwenye benchi kama uko kwako.

Mdogo wake, ambaye kwangu ni mama mdogo, naye hawezi kuja mjini. Miguu imemvimba, macho yameingia ukungu, anaona vivuli. Ni wao wawili tu waliobaki katika tumbo lao, na kwetu Waluguru ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo wakiondoka hao hakuna mkubwa mwingine wa kunieleza mimi ni nani. Simu wanapigiana kila mara. Lakini mama anasema sauti ya kwenye simu si ya mdogo wake, ni ya mtu anayemwigiza. Alichokitaka alikisema wazi, bila kukipamba.

"Nataka nimshike kabla hatujafa."

Basi nikaenda kuuliza. Mtu wa kwanza pale stesheni aliniambia habari ile inahusu treni ya umeme, nisipoteze muda. Wa pili alisema hapana, inahusu reli ya zamani, lakini njia kuu tu. Wa tatu, ambaye alikuwa na meza na feni, alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza hali ya mama, akanipa pole, kisha akasema mchakato unaendelea. Nilimuuliza unaendelea kwenda wapi. Akatabasamu. Nilitoka pale nikijua machache kuliko nilivyoingia, na nina hasira na lile neno mchakato mpaka leo.

Nyumbani nilimwambia mama kwamba mchakato unaendelea. Yeye alielewa kwamba treni iko njiani.

Kule kijijini walikuwa wameelewa hivyo hivyo. Walishaunda kamati ya reli, mwenyekiti wake mwalimu mstaafu mwenye sauti ya kuita mahudhurio, na kwa kuwa mimi ni mtoto wa kule niliyeko mjini, nilijikuta nimechaguliwa kuwa mjumbe bila kuulizwa. Kazi yangu ilikuwa kuuliza. Nilimwambia mwenyekiti kwamba nimeshauliza, na majibu yamenichanganya. Akasema ndiyo maana wananihitaji.

Nilikwenda kule siku ya msaragambo, kazi ya kujitolea ya kijiji kizima, walipokubaliana kufyeka tawi lote lililo ndani ya kijiji ili wakubwa wakija waone watu wako tayari. Sijui kama mtu aliyezaliwa sehemu nyingine anaweza kuelewa furaha ile. Wanawake walikuja na majembe, wanaume na mafyekeo, na reli ikaanza kutokea kidogokidogo chini ya magugu, nyeusi, imenyooka, utadhani ilikuwa imejificha tu. Palikuwa na mahindi ya mtu katikati ya njia. Palikuwa na banda la kuku. Mwenye banda alilihamisha mwenyewe huku akilaumu kuku.

Halafu vitu vikaanza kurudi. Hakuna aliyetangaza, hakuna aliyemtaja mwenzake. Ukipita asubuhi unakuta taruma moja la chuma, la kubebea reli, limelazwa pembeni ya njia, lina masizi, maana lilikuwa jikoni kwa mtu likishikilia sufuria. Baadaye mengine mawili, yana matope ya mfereji yalikokuwa daraja. Boliti zilirudi ndani ya ndoo. Ugomvi ulitokea kwenye kengele ya shule, ambayo ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa. Mwalimu mkuu alisema haitoki. Mwenyekiti alisema treni haiwezi kupita juu ya kengele. Walibishana mpaka mtu akapima, ikaonekana kipande kile hata hakikutoka kwenye tawi letu. Kilitoka wapi, hakuna aliyejua.

Mama mdogo alikuwa amewekewa kiti kivulini, pembeni ya stesheni ya zamani, anasikiliza kazi. Zamani, treni ilipokuwa ikija, alikuwa akiuza maandazi pale pale. Nilimsalimia shikamoo, akaitikia, akaushika uso wangu kwa mikono yote miwili kuhakikisha.

"Mama yako anakuja lini?"

"Treni ikija, mama mdogo."

"Basi mwambie ajiandae," alisema, na hakuniachia uso.

Afisa wa mambo ya reli alikuja baadaye, siku nyingine, kuonana na wananchi. Na mimi nilikuwepo. Kijiji kilikuwa kimefagiwa, viti vimeazimwa msikitini na shuleni, na mwenyekiti alikuwa na hotuba kichwani kuhusu wagonjwa, mazao, na wanafunzi wa Mzumbe wanaotoka kwetu na kusumbuka kufika chuoni. Nami nilikuwa nimejiandaa kumtaja mama. Kila kitu kilikuwa sawa mpaka afisa alipopewa kipaza sauti akataja kabila lake.

Alikuwa wa kabila la watani wetu. Sitalitaja, maana nao wana watani wengine wengi na sitaki kuanzisha vita. Lakini alipolitaja tu, uwanja mzima ulipiga kelele kama goli limeingia.

"Nimeambiwa hapa ni kwa Waluguru," akasema. "Poleni sana."

Kicheko.

"Babu zangu waliniambia, ninyi mlikimbilia milimani siku ya kwanza mlipoona treni. Mlidhani ni nyoka anavuta sigara."

"Na babu zako walikuwa wameibeba kichwani!" mzee mmoja akajibu kutoka nyuma.

Basi tena. Ukishafungua mlango wa utani kwetu, huwezi kuufunga kwa hotuba. Afisa alirusha, watu wakarudisha. Akasema ataleta mabehewa yenye ngazi fupi kwa sababu ya vimo vyetu. Wakamwambia alete na behewa la kubebea tumbo lake. Mwenyekiti alisimama mara mbili kutaka kuanza hotuba, mara zote mbili akakalishwa. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikauma, nikasahau nilichojia.

Kisha mama mdogo akaomba kipaza sauti. Kijijini anajulikana; watu walinyamaza kabla hajafungua mdomo. Alisimama kwa kushikwa mkono, akaelekeza uso upande alikosikia sauti ya afisa.

"Mtani wangu," alisema, "mimi ni mjane wa treni. Huyo bwana alinikuta kigoli, akanizoesha maandazi ya abiria, halafu akaondoka bila talaka. Tukamlilia. Tukamzika. Eda nimekaa, arobaini imesomwa, watu wamekula pilau wamemaliza. Leo unakuja kuniambia amefufuka? Mwanamume akifufuka baada ya miaka yote hii, anakuja kula tu. Mrudishe ulikomtoa. Hatumtaki, yeye na yeyote atakayemleta!"

Watu walilala chini kwa kucheka. Afisa alijifuta machozi kwa kitambaa.

"Kwa hiyo hamtaki treni?"

"Hatutaki!" uwanja mzima.

"Niwape wengine?"

"Wape wakwe zako!"

"Haya," akasema, bado anacheka. "Ujumbe nimeupata."

Akaingia kwenye gari. Vumbi likapanda, likashuka, na watu bado walikuwa wanapigana makofi ya mgongoni. Mimi nilikuwa nimeacha kucheka. Nilikuwa najiuliza ameupata ujumbe upi.

Kwanza nilijiambia kwamba ni mtu wetu, anaelewa. Mtani akikwambia hakutaki, maana yake kaa ule. Lakini siku zilienda na hakuna kilichotokea. Reli tuliyoifyeka ikaanza tena kuota majani. Kisha uvumi ukaanza kuja kutoka Kilosa, kutoka Dumila, kutoka kila mahali penye kijiwe: kwamba mpango upo, ila kule kwenye tawi la mkonge wananchi wenyewe wamegoma, wamesema mbele ya kiongozi hawaitaki. Mwenye duka mmoja wa Kihindi hapa mjini, ambaye mimi hununua kwake vitambaa vya sare, aliniuliza kwa upole wote, "Dada, kwa nini ndugu zako wamekataa maendeleo?" Nilinunua kitambaa cha rangi nisiyoihitaji.

Kamati ikakutana kwenye chumba kilichokuwa cha kukatia tiketi. Nilipendekeza jambo ambalo kwangu lilikuwa rahisi: twendeni kwa afisa, tumwambie ulikuwa utani, atusamehe. Walinitazama kama nimetukana.

"Mjumbe," mwenyekiti akasema, "ukiomba radhi kwa utani umesema haukuwa utani. Umesema ulikuwa tusi. Hapo ndipo tutakuwa tumemtukana kweli."

"Na tukinyamaza?"

"Tukinyamaza tunamheshimu."

"Na kama hakuelewa?"

"Ataachaje kuelewa, na yeye ni mtani?"

"Sasa treni iko wapi?"

Hapo kila mtu alitazama dirisha la tiketi. Mimi ni mtoto wa kule, nimekula utani tangu utotoni, nimeona watani wakilala ndani ya kaburi kwenye mazishi ya babu yangu wakikataa kutoka mpaka wapewe kitu. Najua sheria zake. Lakini siku ile zilinishinda, kwa sababu mwenyekiti alikuwa sahihi na mimi nilikuwa sahihi, na kati yetu hakuna njia.

Mwishowe walikubaliana kwamba dawa ya utani ni utani zaidi. Wakamtafutia afisa jogoo mnene, wakamfunga kitambaa cheusi shingoni, wakampelekea na salamu kwamba huyu ni wa matanga ya treni, ale na asikie uchungu. Nikauliza sasa hapo ataelewa tunaitaka treni au hatuitaki. Wakasema ataelewa. Jibu lake lilikuja kwa simu ya mwenyekiti, naye akatuwekea tusikie wote: "Waambieni watani wangu jogoo nimeshamla. Treni bado naitafuna." Wajumbe wakashangilia. Mimi niliomba irudiwe. Niliisikiliza tena na tena, na kila mara ilikuwa na maana nyingine.

Yote haya mama nilimficha. Nilimwambia afisa alikuja, watu walifurahi sana, mchakato unaendelea. Haikuwa uongo, ila haikuwa na kichwa wala miguu. Niliogopa kumwambia kwamba aliyesimama mbele ya watu akaikataa treni yake ni mdogo wake mwenyewe.

Nilisahau kwamba siku hizi hakuna kinachotokea mara moja tu. Kijana mmoja wa kule alikuwa amerekodi kwa simu, akairusha, ikazunguka, ikarudi Morogoro. Nilitoka sokoni nikakuta mtoto wa jirani amekaa na mama barazani, amemshikia simu karibu na sikio, anacheka peke yake.

"Bibi, huyu bimkubwa kaua! Cheki mwisho hapa!"

Sauti ya mama mdogo ilikuwa inatoka kwenye ile simu, kali na safi: hatumtaki, yeye na yeyote atakayemleta. Mama hakucheka. Yule mtoto alipoirudisha kumsikilizisha tena, mama alimsogeza mkono taratibu.

"Hiyo ndiyo sauti yake," aliniambia. "Kwenye simu huwa siisikii. Hapa nimeisikia."

"Mama, alikuwa anatania. Yule afisa ni mtani."

"Najua utani kabla yako. Lakini alikuwa anatania yote?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Huyu ni mwanamke aliyewahi kumnyang'anya mtani wake baiskeli msibani, akaiendesha mpaka nyumbani. Kama yeye hajui, nani anajua? Tangu siku ile simu ya mama mdogo ikilia mama alikuwa amelala, au anaswali, au mkono unamuuma. Niliumia kuona hivyo. Tulikuwa tumetafuta treni ili wakutane, na sasa hata sauti hawabadilishani.

Nikapanda basi, nikafika Dumila, nikapanda bodaboda, nikafika kwa mama mdogo nimejaa vumbi na nimejaa ghadhabu. Alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchicha kwa vidole. Baada ya shikamoo nikamuuliza moja kwa moja.

"Mama mdogo, siku ile ulikuwa unatania au unasema kweli?"

"Unauliza utani?" Akasimamisha vidole. "Mama yako alikufundisha nini?"

"Ndiye aliyenituma." Hapo nilidanganya, lakini nilikuwa nimechoka.

Kuku aliingia ndani, akatoka.

"Alicheka?"

"Hakucheka."

Aliweka ungo pembeni. Nilimwona anahema kwa nguvu kama mtu aliyepanda mlima.

"Mwanangu, mimi nilisimama nikitaka kusema leteni treni, dada yangu anaumwa. Ndivyo nilivyopanga. Nikasikia watu wanacheka, nikasikia yule bwana anachokoza, mdomo ukaenda wenyewe. Na ulipokwenda nikaona raha. Zamani watu wote wa treni walinijua. Siku ile nilikuwa kama zamani." Akajifuta uso kwa upande wa khanga. "Sasa kama nimeifukuza au sikuifukuza, mimi sijui. Niulize kingine."

Nilimsaidia kuchambua mchicha, tukala, na nilipoondoka alikuwa ananiuliza maswali ya ajabu: malori ya mahindi yanapita wapi, mtu anaweza kulala juu ya magunia, dereva ni mtu wa aina gani. Nilidhani anapiga soga.

Alikuja bila kuniambia. Fuso ilisimama mbele ya nyumba yangu, utingo akaruka chini, akafungua bodi la nyuma, na juu ya magunia ya mahindi, kwenye godoro lake mwenyewe, alikuwa mama mdogo, mweupe kwa vumbi toka kichwani mpaka miguuni. Mwenyekiti ndiye aliyempangia safari. Tulimshusha watu wanne. Miguu yake ilikuwa mikubwa kiasi kwamba hakuna kiatu kinachoingia isipokuwa katambuga zake za tairi, alizotengenezewa na fundi wa kule kwa kipimo cha uvimbe.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na mkongojo. Hakuna aliyesema shikamoo, hakuna aliyesema pole na safari. Mama mdogo alinyoosha mikono mbele akitafuta, mama akauachia mkongojo ukaanguka, akaishika ile mikono. Walisimama hivyo. Niliogopa wataanguka wote wawili, nikakaa karibu, na nilikuwa nalia bila kujali utingo.

Hawakuzungumzia treni. Walilala kitanda kimoja, chumba cha mama. Nikiwa nashona nilikuwa nawasikia wanacheka, halafu wananong'ona Kiluguru cha zamani ambacho mimi nashika nusu, halafu kimya, halafu mmoja anamwita mwenzake kuhakikisha yupo. Mama alianza kula vizuri. Jioni walikaa barazani wakiangalia upande wa Uluguru, mmoja akiwa anaona, mwingine akisimuliwa wingu limefika wapi.

Ndipo mwenyekiti akapiga simu, anapiga kelele. Treni ya majaribio inakuja! Behewa moja la abiria, litaondoka stesheni ya Morogoro, litaingia kwenye tawi letu. Afisa mwenyewe amempigia. Amesema: nawaletea maiti wenu, mwambieni mjane aje ampokee, na mkimkosa mjane sishuki.

"Kwa hiyo alielewa?" nikauliza.

"Ameelewa tangu mwanzo!"

"Au ameamua kulipiza?"

"Mjumbe, wewe una matatizo gani? Mlete mama mdogo stesheni. Nafasi yake ipo, na wa kumshika mkono yupo."

"Na mama yangu?"

Sauti ikashuka. Nafasi za wageni zimejaa. Ni siku moja tu, ya kujaribu njia. Nikamuuliza baada ya hapo treni nyingine ni lini. Nilijua atakachojibu, na akakijibu: mchakato unaendelea.

Nilipowaeleza, mama mdogo alisema lazima aende, ana nyumba, ana kuku, na watu wamemwita kwa heshima, na juu ya magunia harudi tena, mgongo haujapona. Kwenye treni atalala. Mama alisema ndiyo, ni kweli, aende. Alilisema neno hilo vizuri kabisa.

Asubuhi ya safari bajaji ilikuja mapema. Mama mdogo alikuwa ameshaoga, amevaa gauni jipya nililomshonea, mkoba wake uko tayari, isipokuwa katambuga hazionekani. Nilitafuta chini ya kitanda, bafuni, uani, nyuma ya pipa la maji. Dereva wa bajaji alipiga honi. Simu ya mwenyekiti ilikuwa inalia mezani. Niliingia tena chumbani kwa mama.

Alikuwa amekaa kitandani, ameegemea mto, amenyooka kuliko kawaida. Nilipitisha mkono nyuma ya mto ili nimsogeze. Vidole vyangu vikagusa mpira wa tairi.

Mama alinishika kifundo cha mkono. Hakubana. Alinitazama tu.

"Akienda," alisema kwa sauti ndogo, "nitamshika tena lini?"

Nilikaa vile, nimeinama, mkono wangu uko nyuma ya mto. Kisha nilitoa mkono, mtupu, nikamwekea mto vizuri.

Sebuleni mama mdogo alikuwa amekaa na miguu yake mitupu sakafuni, uso ameuelekeza mlangoni.

"Umeziona?"

"Sijaziona, mama mdogo."

Alisikiliza. Sijui alisikia nini, pumzi yangu au ukimya wa chumba cha dada yake. Honi ililia tena huko nje. Alipapasa mkoba wake, akauinua, akausukuma chini ya kiti.

"Basi kamwambie huyo wa bajaji asitusubiri," alisema. "Na wewe uendelee kutafuta. Tafuta polepole."